Nilipomtafutia Mama Mahali pa Kuchapishwa

Ujumbe wa kunijulisha kwamba insha yangu imekubaliwa ulinikuta nakata shuka la kudarizi, mchana, mlango ukiwa wazi kama kawaida. Nilisoma mistari ya kwanza, nikaweka mkasi chini, nikaenda kufunga mlango. Sijui nilikuwa namfungia nani. Mtaani kwetu Kamembe, Rwanda, mtu hafungi mlango mchana ila awe na mgonjwa au awe na ugomvi, na jirani aliniita papo hapo kutoka upande wake wa ukuta.

"Maman, kuko nini?"

"Vumbi tu," nikasema.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Nilirudi kwenye kiti nikausoma ujumbe mpaka mwisho. Ulitoka kwa mhariri wa jarida moja la mtandaoni, mwanamke wa pwani ambaye sijawahi kumwona. Aliandika kwamba insha itatoka Ijumaa, na kwamba kipande kipya nilichoongeza ndicho kilichoipa roho. Kwa miezi mingi nilikuwa nimelitafuta neno kama hilo. Sasa lilikuwa mkononi mwangu na nilikuwa nimefunga mlango, kwa sababu kile kipande sikupaswa kumwandikia mtu yeyote.

Inabidi nieleze kazi zangu, maana ni mbili. Ya kwanza ni kudarizi mashuka na foronya, na hiyo ndiyo inayonilisha. Shule nilimaliza ya msingi tu, nikaingia kwenye sindano. Kazi ya pili hailipwi na watu hawaisemi kwa sauti: mimi ni mmoja wa wanawake wanaoosha maiti za wanawake wa Kiislamu hapa kwetu. Nilifundishwa na mama yangu mkubwa, dada wa mama, ambaye ameosha tangu kabla sijaolewa. Alinifundisha jinsi ya kufunga kitambaa mkononi, jinsi ya kuosha chini ya nguo bila kuufunua mwili, maji yaweje, kafuri itiwe lini. Kisha akanifundisha jambo ambalo alisema ndilo gumu.

"Ukitoka inje batakuuliza," alisema. "Mutoto wa marehemu atakuuliza, wifi atakuuliza, na mwenye udaku naye atakuuliza. Jibu ni moja. Alikuwa safi. Basi. Hauongeze kitu, haupunguze kitu."

"Na kama hakuwa safi?"

"Ukishamuosha, si yuko safi?"

Alicheka, lakini hakuwa anatania. Mwoshaji anaona mengi. Anaona magonjwa yaliyofichwa na alama ambazo hata mume hakuzijua, anaona mtu alivyokuwa anakula na alivyokuwa anapigwa. Yote hayo huyaacha palepale penye maji. Nimeosha wengi, na mpaka mwaka jana sikuwahi kuona ugumu katika kunyamaza.

Mwaka jana alikufa mama.

Mama alikuwa anaishi Gashonga, kwenye migomba aliyoachiwa na baba yangu wa kambo. Alifariki alfajiri ya mvua kubwa, na kwa kuwa maiti haicheleweshwi, ilibidi azikwe siku ileile. Kwa kawaida tunaosha wanawake wanne au watano. Siku ile barabara ilikuwa matope matupu, wenzetu walikwama njiani, tukafika mimi na mama mkubwa peke yetu, kila mmoja kwenye moto yake, pikipiki ya kukodi, tukiwa tumelowa mpaka kwenye mifupa. Mama mkubwa alishuka, akamsukuma yule dereva aliyetaka kumshika mkono, akaingia ndani. Tulitundika vitenge kwenye dirisha. Tukafunga mlango.

Nilichokiona ndani ya chumba kile sitakisema hapa. Hata nikisema kwamba halikuwa jambo la aibu, nitakuwa nimeshaanza kukisema, kwa hiyo naacha.

Tulipomaliza nilitoka mimi kwanza. Ndugu zangu wa kiume wa mama mmoja, watoto wa baba wa kambo, walikuwa wamesimama chini ya paa la jikoni. Mkubwa wao, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, alinijia akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Yaya, mama alikuwaje?"

"Alikuwa safi," nikamwambia.

Nikaona mabega yake yanashuka. Alilia vizuri, kama mtu aliyeruhusiwa kulia. Mimi nikasimama pale na mikono inanukia kafuri, nikatambua kwamba mimi hakuna wa kuniambia. Nilikuwa ndani. Nilikuwa mwoshaji na nilikuwa mtoto, na swali ambalo mtoto huuliza mlangoni mimi sikuwa na mlango wa kuliulizia.

Hapo ndipo kuandika kulipoanza, ingawa sikukuita kuandika. Matanga yalipokwisha nilirudi Kamembe, nikawa najitumia ujumbe mimi mwenyewe kwenye simu. Leo nimekumbuka mama alivyokuwa anamenya muhogo bila kuutazama. Leo nimekumbuka alivyokuwa anaogopa ng'ombe, yeye mke wa mkulima. Niliandika katikati ya kudarizi, uzi ukiwa mdomoni.

Mtu wa kwanza kujua alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, Mkristo, mama wa watoto wengi, ambaye huvuka mpaka wa Kongo kila asubuhi pale Rusizi ya Kwanza na kupitia kwangu kuchukua mashuka ya kwenda kuuza kwao. Tumezoeana kiasi kwamba hukaa kwenye kitanda changu bila kuuliza.

"Weye na simu, weye na simu," alisema. "Ni bwana mupya?"

"Bwana gani! Ninaandika."

"Unaandikia nani?"

"Hakuna mtu."

"Ah ah. Muntu haandikiake hakuna muntu. Soma nisikie."

Nilimsomea ile ya ng'ombe. Alicheka, halafu nikaendelea na nyingine, na alipoacha kucheka nikainua macho nikaona anajifuta kwa ncha ya kitenge kilichokuwa bado kimekunjwa cha kuuza.

"Umeniharibia," alisema. "Sasa hii nani atanunua, imejaa makamasi? Yaya, hii itoke. Kuko batu banatafutaka bintu bya kweli bya batu ba kawaida. Usifie nayo ndani ya simu."

Alinijulisha kwa mzee mmoja wa kanisani kwao ambaye hutoa kijigazeti cha visa vya kweli. Niliziandika upya zile kumbukumbu kwa kalamu, kwa mfululizo, tangu mama alivyokuwa mpaka tulivyomzika. Chumba nilikipita kwa sentensi moja: tuliingia, tukamwosha, tukatoka. Rafiki yangu akazivusha karatasi ndani ya furushi lake. Niliogopa hata hilo. Siku zile mpaka ulikuwa unafungwa mapema na mafurushi yanapekuliwa sana, na nilikaa siku nzima nikiwaza karatasi za mama yangu zikiwa mikononi mwa askari.

"Askari ametoa ile karatasi," aliniambia aliporudi. "Anasoma, anasoma. Ananiuliza, hii ni hukumu ya korti? Nikamuambia, afande, ni ya marehemu. We! Akairudisha mbio kama imemuunguza."

Yule mzee wa kijigazeti aliijibu insha kwa heshima. Alisema imemgusa, lakini ni huzuni tupu, haina pa kupumzikia. Akaniomba niweke mwishoni kwamba nimepona na nimepata faraja, ili wasomaji nao wafarijike. Nilikaa na ombi lile wiki nzima. Lilikuwa jambo dogo, mstari mmoja au miwili. Lakini nilikuwa sijapona, na kila nilipojaribu kuandika kwamba nimepona nilihisi kama namdanganyia mama mbele ya wageni. Sikumrudishia.

Halafu nilisikia redioni kuna shindano Kigali, la watu kuandika maisha yao. Nilipiga namba iliyotajwa. Kijana aliyepokea aliniuliza kama nitaandika kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza. Nikamwambia Kiswahili. Alisema kwa upole kwamba ninaweza kumtafuta mtu anitafsirie. Nikamshukuru. Kinyarwanda nakisema sokoni na kwa majirani, lakini mama yangu hakunilea kwa Kinyarwanda, na nilihofia kwamba mtu mwingine akimhamisha kwenye lugha nyingine atarudi si yeye.

Lile jarida la mtandaoni nililipata kwa kubahatisha, mtu alipotuma kisa kutoka humo kwenye kikundi chetu cha wanawake cha kwenye simu. Kilikuwa kisa cha mwanamke aliyemuuguza kaka yake, na mwishoni hakikuwa na mafundisho. Kiliishia tu pale kaka alipoishia. Nilikisoma nimesimama. Chini yake kulikuwa na maelekezo kwa wanaotaka kuandika. Andika yaliyokutokea wewe mwenyewe. Usizue. Usitume kwingine wakati tunasoma. Ukiwataja walio hai, wawe wamekubali.

Kuhusu waliokufa hapakuandikwa kitu. Nililitambua hilo siku ileile, na nikalipita.

Niliichapa insha yote kwenye simu kwa kidole kimoja, nikaituma. Kimya kikawa kirefu mpaka nikaanza kufikiri imeanguka ziwani. Kisha mhariri akajibu. Alisema anaipenda sauti yangu na anampenda mama yangu, lakini kuna mahali ninapita upesi mno.

"Mnaingia chumbani, mnafunga mlango, mara mko nje," aliandika. "Wewe ni binti na ndiye unayemwosha. Msomaji amekufuata kutoka Kamembe hadi Gashonga kwenye mvua, na sasa amebaki mlangoni. Ndani kulitokea nini?"

Naomba nieleweke. Hakunilaghai. Aliuliza swali ambalo mhariri mzuri anapaswa kuuliza, na lilikuwa swali ambalo hakuna mtu mwingine duniani alikuwa amewahi kuniuliza, kwa kuwa kwetu kila mtu anajua haliulizwi. Nilikuwa nimekaa nalo kifuani tangu Gashonga. Asubuhi iliyofuata, kabla sijafungua dirisha, nililijibu. Niliandika yote. Kilikuwa kipande kizuri, najua kwamba kilikuwa kizuri, na nilipokwisha kukituma nilipika chai nikainywa yote, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu msiba. Nilihisi mwepesi. Wepesi ule ulidumu mpaka ujumbe wa kukubaliwa ulipofika na nikaenda kufunga mlango.

Kwa sababu sasa nilikuwa nimeelewa nitakachokuwa nimefanya. Ijumaa itafika. Mtu wa kikundi chetu, yuleyule au mwingine, atakituma kile kisa kama kilivyotumwa cha yule mwanamke na kaka yake. Watasoma kwenye maduka, watawasomea wasiojua kusoma. Nilimwandikia mhariri kuuliza kama jina langu linaweza kuondolewa. Alijibu kwamba linaweza, bila shida. Lakini jina lilikuwa na faida gani? Gashonga, mvua, waoshaji wawili. Kila mwanamke wa Kiislamu kuanzia Kamembe mpaka Rwimbogo anajua ni nani walimwosha mama yangu. Kama kilichokuwa chini ya nguo kimetoka nje, kimetolewa na mimi au na mama mkubwa, na mama mkubwa hajui kusoma wala kuandika.

Nilianza kuogopa vitu vidogo. Simu ikilia nilishtuka. Wanawake wawili wakisimama kuongea kwenye uchochoro nilihisi wanasema habari ya mwili wa mama yangu. Nilipooga nilijitazama, jambo ambalo si kawaida yangu, nikaanza kuhesabu yaliyopo kwenye mwili wangu mwenyewe: kovu la upasuaji, doa la mgongoni, vidole vya mguu vilivyopinda. Siku moja mimi pia nitalazwa juu ya ubao, na watakaonimwagia maji watakuwa wanawake haohao. Wataniosha wakijua kwamba mimi nilisema. Nao kwa nini wanyamaze?

Nilivaa kabla sijajifuta vizuri.

Jumatano wakaja kuniita. Bibi mmoja wa mtaa wa pili, aliyekuwa anauza maandazi, amefariki. Nilitaka kusema ninaumwa. Lakini niliogopa pia kusema uongo kuhusu ugonjwa mbele ya msiba, nikachukua kitambaa changu na kafuri nikaenda. Mama mkubwa alikuwa ameshafika, amekunja mikono ya gauni, anawafokea wasichana kwa kuleta ndoo chafu.

Tulifanya kazi kimya kama kawaida. Mikono yake imezeeka, inatetemeka akiinua kata, lakini maji yake hayamwagiki ovyo. Tulipokuwa tunakunja sanda aliniegemea kidogo ili apumzishe mgongo.

"Miye siku yangu ikifika," alisema kwa sauti ya chini, "ni weye utaniosha. Nimeshabaambia batoto bangu. Hapana mwingine kusimamia."

Niliinamia sanda.

"Unasikia? Na maji ikuwe ya vuguvugu. Ukinimwangia ya baridi nitaamuka nikupige kofi mbele ya batu bote."

Waoshaji wenzetu wawili walicheka chini ya mitandio. Mimi nilishika ncha ya sanda na kuikunja tena, ingawa ilikuwa imeshakunjwa.

Binti wa marehemu alikuwa anasubiri nje, mwanamke mzima, nywele zake zimetimka. Ni mimi niliyetoka kwanza. Alinishika mkono uliokuwa bado na maji.

"Mama alikuwaje?"

"Alikuwa safi," nikasema.

Nikaona lile lililotokea kwa ndugu yangu Gashonga linatokea tena. Uso ulifunguka, akakaa chini pale pale kwenye sementi, akalia. Aliniamini kabisa. Haikumjia akilini kwamba huenda mwoshaji huyu ana kitu kingine cha kusema, na kwamba huenda atakisema kwa mtu wa mbali ambaye ataandika kwamba kina roho.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja. Nilimwandikia mhariri: naomba mkiondoe kipande cha chumbani. Ujumbe haukuenda. Mtandao ulikuwa umekatika, kama unavyokatika mvua ikikaa. Alhamisi asubuhi ukaenda, lakini hakujibu. Nikapiga, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Rafiki yangu wa vitenge alinikuta nimekaa sakafuni na simu mapajani, shuka la mteja limeanguka kwenye vumbi.

"Nani amekufa tena?" aliuliza, safari hii bila utani.

Nilimwambia. Sikumwambia nilichokiona, nilimwambia tu kwamba nimekiandika na kinatoka kesho. Aliliokota lile shuka la mteja, akalikung'uta. Kwao wana taratibu zao za maiti, lakini alielewa upesi kuliko nilivyotegemea.

"Na ni miye nilikusukuma," alisema.

"Hukunisukuma niandike ya ndani ya chumba."

"Piga tena."

"Nimepiga."

"Piga tena nimesema! Batu ba ku mitandao bako na masikio kama sisi."

Alikaa nami mpaka karibu na saa ya mpaka kufungwa, akiacha wateja wake wamtafute. Kila simu iliyoita bila kupokelewa ilinifanya nione Ijumaa ikisogea.

Mhariri alijibu Ijumaa asubuhi, kwa ujumbe wa sauti. Alikuwa safarini na simu yake ilikuwa mkobani, mlio umezimwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu mpole, mdogo kuliko nilivyomdhania.

"Dada yangu, nimepata ujumbe wako. Siwezi kuichapisha bila ridhaa yako, hilo ondoa wasiwasi. Lakini niwe mkweli kwako kama ulivyokuwa mkweli kwangu. Insha imeshapangwa, na ukikitoa kile kipande tunarudi palepale mlangoni. Bila hicho sitaweza kuitoa. Fikiri kidogo, unijibu kabla ya sala ya Ijumaa."

Sitaki kusema kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Hakukuwa na mahali pengine. Kule walitaka nipone, kule walitaka mtafsiri, na huyu peke yake ndiye alikuwa amemtaka mama yangu kama alivyo. Nikisema hapana, mama atarudi kwenye simu yangu, na siku simu ikiharibika atakuwa hayupo tena popote ila kwenye migomba ya Gashonga. Nilimkumbuka akimenya muhogo bila kuutazama. Niliogopa kumpoteza mara ya pili kwa mkono wangu. Kisha nikamkumbuka yule binti wa muuza maandazi, amekaa kwenye sementi.

Nikaandika: "Msiichape. Na naomba mkifute hicho kipande."

Alijibu baada ya muda mfupi. "Nimekifuta. Tulikisoma watu watatu hapa, na hakitatoka kwetu. Pole kwa mama."

Ijumaa ilipita bila kitu. Watu walitoka msikitini, wakanunua sambaza, dagaa wa ziwa letu, wakaenda zao. Nilitegemea hofu ingeondoka. Haikuondoka, ilibadilika tu. Watu watatu wa mbali wanajua kilichokuwa chini ya nguo ya mama yangu, na mtu mmoja wa karibu hajui kwamba wanajua, na huyo ndiye amewaambia watoto wake kwamba mimi ndiye nitakayemwosha.

Nilienda kwa mama mkubwa Jumapili. Alikuwa uani anachagua maharage. Nilikaa kwenye mkeka, nikaanza kuchagua pamoja naye kwa sababu sikuweza kuongea mikono ikiwa mitupu. Kisha nikamweleza yote kwa mpangilio: kijigazeti, Kigali, jarida, swali la mhariri, jibu langu, kwamba nimelirudisha, kwamba watu watatu walishalisoma. Sikujitetea. Aliendelea kuchagua maharage. Aliokota kijiwe, akakitazama, akakitupa.

"Batu batatu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Banamujuaka dada yangu?"

"Hapana."

"Banamujua sasa."

Nilivuta bakuli la maharage nikaliweka mapajani. Kuku walikuja wakafukuzwa. Nilikuwa nasubiri aniambie nisiguse tena kitambaa cha kuoshea, na nilikuwa nimejiandaa kusema sawa.

"Siku ile," alisema, "bale ndugu zako baliuliza. Weye haukuuliza."

"Ningeuliza nini, mama mukubwa? Nilikuwa ndani."

"Uliza."

Sikumwelewa. Nilimtazama.

"Nimesema uliza. Fanya kama umetoka kule inje, umesimama ku mulango."

Niliacha kuchagua. Nilihisi aibu, mwanamke wa umri wangu na bakuli la maharage mapajani.

"Mama alikuwaje?"

Mama mkubwa aliweka maharage chini. Alijifuta mikono kwa kanga, kama afanyavyo akitoka kuosha.

"Alikuwa safi," alisema.

Nililia pale uani mbele ya kuku. Hakunigusa wala hakunikataza. Nilipokwisha, alinisukumia ungo, tukaendelea mpaka maharage yakaisha.

Kuhusu kuoshwa kwake hakusema kitu siku ile, na hajasema mpaka leo. Sijui kama maagizo aliyowapa watoto wake bado yapo au ameyaondoa. Amedhoofika msimu huu. Akikohoa usiku huitwa mjukuu, si mimi. Nikipita kumsalimia ananipa chai, ananitania kuhusu miwani yangu, na kila mara ninatoka bila kuuliza, kwa sababu ninaogopa jibu. Ninaogopa pia siku ambayo hakutakuwa na wa kumwuliza, na nitasimama kwenye uchochoro na kitambaa changu, nisijue kama naitwa au sihitajiki.

Haya nimeyaandika upya tangu mwanzo, na ninayatuma mahali pengine, sijui kama watayataka. Nimewaambia mapema kwamba kuna chumba Gashonga ambacho mlango wake umefungwa. Wakiniuliza ndani mama alikuwaje, jibu ninalo, na sasa ni langu pia.